Kula kwenye hoteli ya kitalii Unguja: mlo unavyokwenda na pesa inakofikia

Wakaazi wengi wa Unguja wanaishi jirani na hoteli kubwa za ufukweni bila ya kuwahi kula ndani yake. Wengine wameingia mara moja, kwa semina, kwa harusi au kwa mwaliko wa jamaa aliyerudi kutoka nje, wakakuta uma tatu mezani na menyu isiyoeleweka. Wapo pia ambao hawajawahi kukaa mezani lakini maisha yao yote yanategemea meza hiyo: mvuvi, mkulima wa mboga, mpishi, mhudumu, dereva. Makala hii inaeleza jinsi mgahawa wa hoteli kubwa unavyofanya kazi, jinsi ya kula humo bila ya wasiwasi, na kwa nini shilingi anayolipa mgeni mara nyingine hufika kijijini na mara nyingine haifiki.

Meza ya Mtoni katika karne ya 19

Mtoni iko kaskazini ya Mji Mkongwe, kwenye barabara ya Bububu, ukishapita Maruhubi. Hapo yapo magofu ya Beit el Mtoni, kasri kongwe kuliko makasri yote ya Unguja, alilokaa Sayyid Said bin Sultan aliyehamishia makao yake kutoka Maskati. Jina linatokana na mto mdogo unaoingia baharini kando yake. Mtoni na Kizimbani ndizo sehemu zinazotajwa kuwa na mashamba ya mwanzo ya karafuu kisiwani, mwanzoni mwa karne hiyo.

Tunajua namna watu walivyokula katika kasri hilo kwa sababu mmoja wa watoto wa nyumba hiyo aliandika. Sayyida Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na baadaye kuishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Anaeleza kuwa chakula kiliwekwa juu ya sefra, meza ndefu na pana iliyonyanyuka inchi chache tu kutoka chini, na walaji walikaa chini kuizunguka. Sayyid alikaa kichwani mwa meza, na watoto walipangwa kwa umri. Mazungumzo yalikuwa machache. Watu walikula kwa mkono. Visu na uma vilitolewa walipokaribishwa wageni wa Kizungu. Masuria hawakula meza moja na Sayyid, hata kama watoto wao walikaa hapo. Waliopika, kubeba na kuosha walikuwa watumwa.

Leo hakuna nasaba inayomzuia mtu kukaa kwenye meza ya hoteli. Anayeweza kulipa anakaa, na anayehudumia analipwa mshahara. Hata hivyo maswali matatu ya meza ile ya zamani bado yanafaa kuulizwa: nani anakaa, nani anahudumia, na chakula kimetoka wapi.

Hoteli zilivyoenea

Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ya Zanzibar ilijenga Hoteli ya Bwawani, iliyofunguliwa mwaka 1974. Uwekezaji wa watu binafsi ulifunguliwa zaidi na sheria ya kulinda uwekezaji ya mwaka 1986, na katika miaka ya 1990 hoteli zilienea kwenye fukwe za kaskazini na mashariki: Nungwi, Kiwengwa, Paje, Jambiani. Mjini, hoteli ya Serena ilifunguliwa Shangani mwaka 1997, na Park Hyatt ikafuata mwaka 2015 katika jengo la Mambo Msiige. Mji Mkongwe wenyewe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Mtoni nayo ilipata hoteli ufukweni, karibu na magofu, na wageni wamewahi kuandaliwa chakula cha usiku kwa taarabu katika eneo la kasri.

Utalii sasa ndio unaoingizia Zanzibar fedha nyingi zaidi za kigeni, nafasi ambayo kwa zaidi ya karne moja ilikuwa ya karafuu. Ndiyo maana habari ya nani anauza samaki kwenye hoteli inahusu watu wengi zaidi ya wale wanaokaa mezani.

Herufi zinazoamua kila kitu

Mgeni anapokata chumba huona herufi mbili pembeni ya bei. Herufi hizo ni vifupisho vya Kiingereza na zinaeleza chakula gani kimo ndani ya bei.

BB ni malazi na chakula cha asubuhi tu. Mchana na usiku mgeni hula anapotaka, ndani au nje ya hoteli.

HB ni malazi, chakula cha asubuhi na mlo mmoja mwingine, kwa kawaida wa usiku.

FB ni malazi na milo yote mitatu. Vinywaji mara nyingi hulipiwa mbali.

AI ni kila kitu: malazi, milo, vitafunio, na vinywaji vilivyotajwa kwenye mkataba. Mgeni huvaa bangili ya plastiki mkononi, na wahudumu hawamdai chochote anapoagiza.

Mpango huu wa mwisho haukuanzia kwetu. Kampuni ya Club Med ilifungua kijiji chake cha kwanza cha likizo mwaka 1950 katika kisiwa cha Mallorca, Hispania, ambako mgeni alilipa mara moja kabla ya kufika. Mpango ulikomaa katika visiwa vya Karibiani, hasa Jamaica. Hoteli ya Couples ya Ocho Rios iliuanza mwaka 1978, na Sandals ikafunguliwa Montego Bay mwaka 1981. Jamaica wakati huo ilikuwa imepita katika miaka ya vurugu za kisiasa, na mgeni aliyeogopa kutoka nje alivutiwa na hoteli aliyoweza kumaliza wiki nzima ndani yake. Malalamiko ya wenyeji nayo yalikuwa yale yale yanayosikika leo Kiwengwa na Nungwi: mgeni aliyekwisha kulipia chakula huko kwao hana haja ya kutoka getini kununua chakula kijijini.

Wachumi huita hali hii kuvuja kwa mapato. Sehemu ya malipo hubaki kwa wakala wa safari huko Ulaya, sehemu kwa shirika la ndege, sehemu kwa mwenye hoteli, na sehemu hununulia nyama, jibini na mvinyo kutoka nje. Kinachobaki kisiwani ni mishahara, kodi na manunuzi ya hapa. Mgeni wa BB anayekula Forodhani au kwenye mkahawa wa kijiji hutawanya pesa yake mwenyewe. Pesa ya mgeni wa AI hutawanywa na ofisi ya manunuzi ya hoteli.

Mlo unavyokwenda

Kuna namna mbili kuu za kuandaa chakula. Ya kwanza ni bufee: vyakula hupangwa kwenye meza ndefu na kila mtu hujipakulia. Unaruhusiwa kurudi mara nyingi upendavyo, kwa hiyo hakuna sababu ya kujaza sahani. Chukua sahani safi kila unaporudi. Ile ya mwanzo iache mezani, mhudumu ataiondoa. Usifungashe chakula cha bufee kupeleka nyumbani, kwani bei yake imehesabiwa kwa kula hapo hapo.

Namna ya pili ni kuagiza kwa menyu. Chakula huja kwa hatua: kianzio, yaani supu, saladi au kipande kidogo cha samaki, kisha mlo mkuu, kisha kitindamlo, ambacho ni tamu tamu au matunda. Si lazima uagize hatua zote. Mtu akitaka mlo mkuu peke yake, mhudumu ataandika hivyo bila ya kuuliza.

Vyombo vilivyopangwa mezani hutumika kuanzia nje kwenda ndani. Uma na kisu vya nje kabisa ni vya kianzio, vinavyofuata ni vya mlo mkuu, na vile vidogo vilivyolazwa juu ya sahani ni vya kitindamlo. Leso hukunjuliwa mapajani. Ukivilaza kisu na uma sambamba juu ya sahani, mhudumu anaelewa umemaliza; ukiviacha vimepishana, anaelewa bado unakula. Anayetaka kula kwa mkono aombe maji ya kunawa. Hoteli nyingi za Unguja huuza pilau, biriani na mchuzi wa pweza wa nazi kama vyakula vya fahari ya hapa, na chakula hicho hakijawahi kuhitaji uma.

Kwa chakula cha usiku hoteli nyingi huomba uweke nafasi mapema kwa simu, na nyingine zina masharti ya mavazi, kama suruali ndefu kwa wanaume. Kanzu na buibui ni mavazi ya heshima. Asiyelala hotelini aulize kwanza kama mgahawa unapokea watu wa nje, kwa sababu baadhi ya hoteli za AI huwapokea kwa tiketi ya siku tu.

Halali, pombe na Ramadhani

Kwa Muislamu, swali la kwanza ni nyama. Muulize mhudumu kama nyama ni ya kuchinjwa kwa sharia, na kama hoteli inapika nguruwe, uliza kama vyombo na mafuta yake vimetengwa. Mambo mengine hayaonekani kwa macho. Sosi za Kifaransa na Kitaliano mara nyingi hupikwa kwa mvinyo, na baadhi ya vitindamlo hugandishwa kwa jelatini inayotokana na wanyama au hutiwa pombe kwa ajili ya harufu. Mpishi mzuri hujibu maswali haya bila ya kukasirika, kwani huyasikia pia kutoka kwa wageni wasiokula karanga, maziwa au ngano kwa sababu za kiafya.

Pombe huuzwa katika hoteli zenye leseni, na mgeni asiyeitaka halazimiki kukaa karibu na baa. Katika mwezi wa Ramadhani mikahawa mingi ya mitaani hufungwa mchana, ilhali hoteli za kitalii huendelea kuwahudumia wageni ndani ya maeneo yao. Baadhi ya hoteli huandaa futari ya bufee, na kwa familia nyingi za mjini hiyo ndiyo mara pekee katika mwaka kuingia humo.

Kusoma bili

Bei iliyo kwenye menyu inaweza kuwa tayari imejumlisha kodi ya ongezeko la thamani na malipo ya huduma, au isiwe imejumlisha. Maneno madogo chini ya ukurasa ndiyo yanayoeleza. Kama malipo ya huduma yameshaingizwa, bakshishi ni hiari yako kabisa. Kama hayakuingizwa, bakshishi bado ni hiari, ingawa wahudumu huitegemea. Anayetaka ifike mikononi mwa mhudumu aitoe kwa fedha taslimu, au aulize kama ile ya kwenye kadi hugawiwa wafanyakazi wote, wakiwemo wa jikoni.

Kuhusu dola, kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizoanza Machi 2025 kwa jumla zinakataza bei za bidhaa na huduma za ndani ya Tanzania kutajwa na kulipwa kwa fedha za kigeni. Ni haki yako kuuliza bei kwa shilingi na kudai risiti.

Kwa nini samaki anayeuzwa rahisi sokoni awe ghali mezani? Kawaida ya biashara ya migahawa duniani ni malighafi kuchukua karibu robo hadi thuluthi ya bei ya sahani. Tuseme sahani ya samaki inauzwa shilingi 45,000. Basi samaki, mafuta, viungo na mboga vyote pamoja vimegharimu kama shilingi 11,000 hadi 15,000. Zinazobaki zinalipa mishahara, umeme na jenereta, maji, ufuaji wa vitambaa, vyombo vinavyovunjika, kodi, na faida. Kwa hiyo mvuvi hawezi kutarajia nusu ya bei ya sahani. Anachoweza kukitafuta ni kuwa ile shilingi 11,000 hadi 15,000 ilipwe hapa kisiwani, na isiende kwenye kontena la samaki wa barafu kutoka ng'ambo.

Nyuma ya mlango wa jiko

Jiko la hoteli kubwa limegawanywa kwa vituo: nyama, samaki, saladi na vyakula baridi, mikate na keki, na kuosha vyombo. Juu ya wote yupo mpishi mkuu, ambaye wafanyakazi humwita shefu, na msaidizi wake. Anayeanza huanzia kumenya vitunguu na kuosha masufuria. Kazi ya sahani ya saa mbili usiku huanza asubuhi: mchuzi wa mifupa huchemshwa, samaki hupaliwa magamba na kukatwa vipande sawa, mboga huchongwa. Usiku huwa ni kumalizia tu, ndiyo maana sahani hutoka haraka.

Mafunzo ya kazi hizi hutolewa na vyuo kadhaa, kikiwemo chuo cha utalii cha Maruhubi, jirani na Mtoni, ambacho sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA. Lalamiko la siku nyingi la vijana wa Unguja ni kuwa nafasi za juu hupewa watu wa nje ya kisiwa, wakati wenye hoteli husema wanatafuta lugha na uzoefu. Wazazi wengi nao wamesita kuwaruhusu mabinti wao kufanya kazi mahali penye pombe na zamu za usiku. Usafiri salama wa kurudi nyumbani baada ya zamu ni jambo dogo kwa hoteli, lakini kwa familia nyingi ndilo linaloamua kama binti ataenda kazini au hataenda.

Msimu pia huamua mengi. Wageni huwa wengi Juni hadi Oktoba, kisha Disemba hadi Februari. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, baadhi ya hoteli hupunguza wafanyakazi au hufunga kabisa. Mwaka 2020, safari za ndege za kimataifa ziliposimama kwa sababu ya korona, kisiwa kizima kiliona jinsi jiko la hoteli linapozima moto wake linavyozima pia majiko ya nyumba nyingi.

Lango la nyuma: samaki na mboga

Kila hoteli ina lango la mbele la wageni na lango la nyuma la mizigo. Hilo la pili ndilo linaloamua kama chakula cha mgeni ni cha Unguja. Changu, nguru, jodari, pweza, ngisi na kamba hupatikana kwenye bahari yetu, na samaki huuzwa kwa mnada dikoni au Malindi. Viungo na matunda vipo. Karoti, viazi mviringo, kabichi na vitunguu kwa sehemu kubwa huvuka kwa majahazi na meli kutoka Bara. Nyama ya ng'ombe ya daraja la juu, siagi na jibini mara nyingi hutoka mbali zaidi.

Ofisi ya manunuzi ya hoteli hutaka mambo manne ambayo mvuvi mmoja au mkulima mmoja hawezi kuyatimiza peke yake. La kwanza ni kiasi kile kile kila siku, hata upepo wa kusi ukichafua bahari. La pili ni ubora ule ule, samaki akae ndani ya barafu tangu chomboni. La tatu ni ankara na risiti halali. La nne ni subira ya malipo: hoteli nyingi hulipa baada ya siku 30 au zaidi, na mvuvi anayenunua mafuta ya boti kila alfajiri hawezi kusubiri mwezi. Hapo ndipo anapoingia msambazaji, mtu mwenye gari, friza na mtaji, anayenunua taslimu kwa bei ya chini na kuiuzia hoteli kwa mkopo.

Msambazaji si adui, kwani anabeba hatari ambayo wengine hawaiwezi. Lakini kikundi au ushirika wenye friza lake, kitabu cha hesabu na akaunti ya benki unaweza kufanya kazi hiyo hiyo na kubakisha tofauti ya bei kwa wanachama. Kwa mboga, vitalu vya matone na nyumba za kivuli vimewawezesha baadhi ya wakulima wa Unguja kupeleka hotelini nyanya, pilipili hoho na saladi hata nje ya msimu. Kwa pweza, vijiji vya pwani vinavyofunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa hupata pweza wakubwa siku ya kufungua, na hao ndio hoteli inaowataka.

Maswali ya kuuliza kabla ya kukaa

Anayekwenda kula, awe mwenyeji au mgeni, anaweza kuuliza mambo matano kwa mhudumu: bei hii ina kodi na huduma ndani yake? Nyama ni halali? Samaki wa leo ni yupi, na ametoka wapi? Mboga ni za hapa? Bakshishi hugawiwaje?

Swali la samaki lina nguvu kuliko linavyodhaniwa. Mhudumu asiyejua jibu huenda kumuuliza shefu, na shefu anayeulizwa kila usiku humtuma mtu wa manunuzi dikoni. Menyu inaweza kuandika jina la kijiji alikovuliwa samaki. Kijiji chenye jina kwenye menyu kinapaswa pia kuwa na jina kwenye ankara, na vikundi vya wavuvi vinavyouza kwenye hoteli vina haki ya kudai yote mawili wanapokaa kuandika mkataba wa msimu.